Pho ya Vietnam: Nani mwenye bakuli la supu ya taifa?

Mwezi Agosti mwaka 2024, Wizara ya Utamaduni, Michezo na Utalii ya Vietnam iliiingiza pho, yaani supu ya tambi za mchele na nyama ya ng'ombe, katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo ilikwenda kwa pho ya Hanoi na pho ya Nam Dinh, zote za kaskazini. Pho ya kusini, ambayo wengi nje ya Vietnam ndiyo wanayoijua, haikuwemo katika uamuzi huo.

Sasa Vietnam inataka pho itambuliwe pia na UNESCO. Je, hatua hiyo itamlinda nani?

Chakula cha mifupa

Pho ilijitokeza kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wafaransa. Kabla ya hapo, ng'ombe walikuwa hasa wa kulimia na kubeba mizigo. Wakoloni walitaka nyama, na inaelezwa kuwa mifupa ambayo wao hawakuihitaji ndiyo iliyoishia katika vyungu vya wachuuzi. Ilichemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, mdalasini na viungo vingine. Wachuuzi walizunguka mitaani wakibeba chungu na jiko kwa mzega.

Hata asili ya jina inabishaniwa. Wako wanaolihusisha na neno la Kifaransa la moto, na wako wanaosema limetokana na neno la Kichina la tambi.

Vita na uhamiaji

Mwaka 1954, makubaliano ya Geneva yaliigawa Vietnam sehemu mbili. Mamia ya maelfu ya watu walihama kutoka kaskazini kwenda kusini, na pho ikahama nao. Huko Saigon, supu iliongezwa utamu, ikaja na sahani ya mrehani, ndimu, pilipili na choroko zilizochipua.

Kaskazini, nyama iliadimika. Migahawa ya serikali iliuza pho isiyo na nyama, na wananchi wakaibandika jina la utani, "pho isiyo na rubani", wakiifananisha na ndege za upelelezi za Marekani zilizoruka bila mtu ndani. Saigon nako, mgahawa wa Pho Binh ulikuwa maficho ya wapiganaji wa Viet Cong walioandaa mashambulizi ya Tet ya mwaka 1968.

Baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, wakimbizi, wengi wao wa kusini, waliipeleka pho Marekani, Ufaransa, Australia na Canada. Kwa hiyo pho iliyoenea duniani ni ile ya watu walioikimbia serikali ambayo leo inaipa pho heshima ya taifa. Hapo ndipo ilipo siasa ya orodha hii.

Orodha inalinda nini?

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unalenga ujuzi na desturi za jamii. Hautoi hatimiliki. Malawi iliingiza nsima, ndugu wa ugali, katika orodha hiyo mwaka 2017, lakini hakuna jirani aliyezuiwa kusonga wa kwake.

Vita vya jina hupiganwa kwingine. Mwaka 2013, kampuni moja ya migahawa nchini Uingereza, iliyokuwa imesajili neno "pho" kama alama yake ya biashara, iliutaka mgahawa mdogo wa London ubadili jina. Iliachana na dai hilo baada ya watu kulalamika mitandaoni. Katika mzozo kama huo, sheria ya alama za biashara ndiyo inayoamua, na orodha ya urithi haina nguvu.

Wenye ujuzi wenyewe wana mashaka ya karibu zaidi. Mwaka 2017, mamlaka za Hanoi na Ho Chi Minh City ziliendesha operesheni za kusafisha kando za barabara, na wachuuzi wa vyakula walikuwa miongoni mwa walioondolewa. Kumuenzi mpishi huku akinyimwa mahali pa kuweka chungu chake ni heshima nusu.

Nam Dinh yenyewe ni mfano mwingine. Tangu Julai 2025 si mkoa tena, umeunganishwa na Ninh Binh. Lakini familia za kijiji cha Van Cu, zilizosambaza pho ya Nam Dinh mijini kwa vizazi kadhaa, bado zinatambulika kwa kazi hiyo.

Pho imedumu kwa sababu kila waliohamishwa waliibadilisha kulingana na walichopata. UNESCO ikiombwa kuitambua, jambo la kutazama ni kama maombi hayo yatawataja pia wapishi wa Saigon na wa ughaibuni, na kama yataambatana na nafasi ya kazi kwa anayeamka alfajiri kuuza bakuli la kwanza.