Si Upepo Uliovunja Dirisha Lako

Dhoruba ikishapita, maneno ni yaleyale nyumba hadi nyumba: "Upepo umevunja vioo." Husemwa kwa utulivu wa hakimu aliyekwisha kufunga jalada. Mshtakiwa ni upepo, na upepo haukamatwi. Kwa hiyo fundi anapigiwa simu, anakuja na futi yake, anapima, na jioni kioo kingine cha unene uleule kimeingia kwenye fremu ileile kwa silikoni ileile. Mwenye nyumba anasema alhamdulillah, yamekwisha.

Hayajakwisha. Imani kwamba upepo ndio uliovunja dirisha, na kwamba dawa ya kioo kilichovunjika ni kioo kingine, ni imani ya gharama kubwa, na ndiyo inayotufanya tununue dirisha moja mara tatu. Upepo una sehemu yake, sibishi. Lakini kuna bati la jirani lililopigiliwa misumari michache, tawi la mwembe lililokauka tangu mwaka juzi bila mtu kulikata, fremu iliyoshikiliwa ukutani kwa silikoni badala ya skrubu, na kioo chembamba kilichowekwa kwenye tundu pana kuliko uwezo wake. Hivyo vyote vina wenyewe. Tukiutupia upepo lawama, wenyewe wanapona.

Tuanze na hesabu, maana inawaumbua wengi. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukilipiga dirisha la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, unalisukuma kwa uzito wa takriban kilo 27. Kasi ikifika kilomita 100, msukumo haupandi mara mbili tu bali mara nne: zaidi ya kilo 100, sawa na mtu mzima mnene aliyeliegemea dirisha kwa mwili wake wote. Sasa mtazame fundi wa alumini anavyolipachika dirisha hilo. Tundu limetoka kubwa kuliko fremu, plasta haijanyooka, skrubu zimefungwa nne mahali pa nane, na pengo lote limezibwa kwa silikoni. Silikoni ni ya kuzuia maji. Haikuumbwa kubeba mtu mzima. Fremu ikianza kucheza, bawa la kioo linachomoka kwenye reli yake, na hapo hakuna tena cha kujadili.

Halafu kuna vitu vinavyoruka, na hapa ndipo lawama ya upepo inapovuliwa nguo kabisa. Upepo peke yake hauna ncha. Vyenye ncha ni bati, tofali lililowekwa juu ya paa "lisiruke," kipande cha mbao kilichobaki kwenye ujenzi, sufuria iliyoachwa barazani. Baada ya kimbunga Andrew kuipiga Florida, Marekani, mwezi Agosti 1992, wakaguzi waliochunguza mabaki ya nyumba hawakuridhika na jibu la "ni upepo." Kanuni za ujenzi zilibadilishwa, na tangu hapo dirisha au kizuizi chake katika eneo la Miami hupimwa kwa kufyatuliwa kipande cha mbao cha kilo nne hivi, kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Kisichohimili hakiuzwi. Wenzetu walikubali kwamba adui wa kioo ni kitu kinachorushwa, na kitu kinachorushwa kimetoka kwenye nyumba ya mtu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa mabati yetu wahenga wanahitaji nyongeza: anayekula ni jirani. Mtu anaezeka banda la kuku kwa mabati chakavu, anayalalishia mawe, na siku ya dhoruba bati lake linaingia sebuleni kwa mwenzake. Kesho yake wote wawili wanasimama uani, wanatikisa vichwa na kuulaani upepo. Hakuna anayethubutu kusema, "Baba Fulani, bati hili ni lako." Ujirani mwema umegeuka kuwa kinga ya uzembe.

Lililo baya zaidi ni kudhani kwamba kioo kikivunjika hasara ni ya kioo. Dirisha la upande unaopigwa na upepo likifunguka, hewa inaingia ndani kwa nguvu na kukosa pa kutokea. Inasukuma kuta na kuinua dari kutoka chini, wakati huohuo upepo unaopita juu ya paa unalivuta bati kwenda juu. Paa linanyanyuliwa na kuvutwa kwa pamoja. Kenchi zisizofungwa barabara kwenye ukuta haziwezi kustahimili hayo. Kwa hiyo anayeona dirisha ni pambo la sebule na paa ndiyo nyumba hajaelewa nyumba yake: siku ya dhoruba, dirisha ni sehemu ya paa.

Ndiyo maana nakerwa na ushauri ule mwingine unaosambazwa kwenye simu kila mawingu yakitanda: fungueni madirisha upepo upite, nyumba isipasuke. Huko ni kumfungulia mlango yule yule tunayemkimbia. Funga madirisha yote, na milango ya ndani pia, ili hewa ikipenya chumba kimoja isipewe nyumba nzima. Na wale wanaobandika solotepu kwenye kioo kwa alama ya msalaba wanajidanganya vilevile. Solotepu haikiongezei kioo nguvu. Inachoweza kufanya ni kushikanisha vipande vikawa vikubwa zaidi, navyo vikianguka vinamwangukia mtu vikiwa vikubwa hivyohivyo. Nondo nazo zimewekwa kwa ajili ya mwizi. Bati linalokuja kwa ncha linapenya kati ya nondo na nondo, na kama nondo hazina sehemu ya kufunguka kutoka ndani, ndizo zitakazokuzuia kutoka siku nyumba inapojaa maji.

Najua nitajibiwa kwamba ni kazi ya Mungu. Sibishani na imani ya mtu, lakini imani hiyohiyo inamkumbuka bedui aliyeelekezwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Pepo ni kazi ya Mungu. Skrubu nne mahali pa nane ni kazi ya fundi.

Wengine watasema vimbunga si vya kwetu, ni vya Msumbiji na Madagaska. Kumbukumbu zetu ni fupi mno. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu bandarini. Ni baada ya hapo ndipo Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikashika usukani wa karafuu. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Na mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kikaja hadi Mafia. Kilikuwa kimepungua nguvu, lakini usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisimamishwa, na mvua zikaikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Kilwa. Tena dirisha halihitaji kimbunga chenye jina. Upepo wa ghafla unaotangulia mvua ya masika unatosha kulimaliza lile lililofungwa ovyo.

Hoja yenye uzito ni ya pesa. Kioo kigumu, kile kilichopashwa moto sana kiwandani kisha kikapozwa ghafla, kina nguvu takriban mara nne ya kioo cha kawaida, na kikivunjika kinakuwa punje punje badala ya majambia. Bei yake ni kubwa, na hakuna anayemtaka mwalimu wa shule ya msingi aweke kioo hicho nyumba nzima. Lakini tazama pesa zinakokwenda. Mtu huyohuyo anayesema hana uwezo ameagiza dirisha la sebule la mita mbili na nusu kwa sababu ameliona kwenye ghorofa la mtu, akaweka kioo cheusi cha milimita nne, akanunua mapazia ya kuanzia darini hadi sakafuni. Umaskini haukuchagua dirisha hilo. Lilichaguliwa na fasheni.

Wazee wa pwani hawakuwa na alumini wala milimita za kupima. Nyumba zao za mawe, Lamu na Mji Mkongwe, zilikuwa na madirisha ya kadiri, yenye mabawa ya mbao nene na komeo la ndani, na mwanga mwingi ukitoka uani, upande ambao kusi haiupigi moja kwa moja. Mbao ikifungwa, bati linaigonga na kuanguka chini. Kanuni za Florida, pamoja na maabara zake zote, zinamruhusu mtu asiyeweza kununua kioo kigumu afunike dirisha lake kwa mabawa imara au plaiwudi iliyofungwa kwa skrubu. Mabawa hayo tulikuwa nayo, tukayang'oa kwa kuwa yalionekana ya kizamani.

Basi asubuhi ya baada ya dhoruba ifanywe kwa namna nyingine. Watoto watolewe chumbani, viatu vivaliwe na si ndala, na vipande vilivyoning'inia juu ya fremu viondolewe kwanza, kwa glavu, kabla ya kufagia vya chini. Picha zipigwe kabla ya kufagia, maana mwenye bima atazihitaji, na mpangaji atazihitaji zaidi siku mwenye nyumba atakapodai alipwe kioo. Kisha kitafutwe kilichovunja: kipo sakafuni, au kipo uani, au hakipo kabisa. Kama hakipo, shuku fremu. Isukume kwa kiganja. Ikicheza, kioo kipya ni hasara mpya. Wakati unasubiri fundi, tundu lifungwe kwa plaiwudi iliyoshikwa kwa skrubu pande zote. Turubai la kupigilia misumari minne litazuia manyunyu, halitazuia upepo wa usiku unaofuata.

Fundi akija, usimpe kazi ya kuweka kioo. Mpe kazi ya kutengeneza dirisha. Fremu ishikwe na skrubu zinazoingia kwenye zege au tofali, si kwenye plasta. Mpira uliokauka ubadilishwe, reli inyooshwe. Dirisha likiwa pana sana ligawanywe kwa nguzo katikati, kwani vioo viwili vidogo vinabeba pale ambapo kimoja kikubwa kinapasuka. Pesa kidogo ya kioo kigumu, kama ipo, iende kwenye dirisha linalotazama upepo na kwenye milango ya kioo ambayo watoto hupita mbio. Na usiuziwe mbuzi kwenye gunia: kioo kigumu hukatwa kabla ya kupikwa, hakikatiki tena baadaye. Muuzaji akikikata mbele yako, amekuuzia cha kawaida kwa bei ya kigumu.

Lakini mwenye nyumba mmoja hatoshi, kwa sababu bati linalokuja halitoki kwake. Serikali za mitaa zinazojua kukagua vitambulisho na michango ya ulinzi zinaweza pia, kabla ya masika, kupita kuangalia mabanda yaliyolaliwa na mawe na miti iliyooza inayoegemea nyumba. Halmashauri zinazotoza ada ya kibali cha ujenzi zina wajibu wa kuangalia dirisha limeshikwa na nini, zisiishie kuhesabu vyumba. Na mwenye nyumba wa kupangisha anayemwambia mpangaji alipe kioo kilichong'oka pamoja na fremu anamtoza mtu faini kwa kosa la fundi aliyemwajiri mwenyewe.

Upepo utakuja tena, masika kwa masika, na hautasoma makala hii. Wanaoweza kuisoma ni fundi, jirani, mwenye nyumba na ofisa wa halmashauri. Kwa hiyo mara nyingine utakapoambiwa kwamba upepo umevunja vioo, uliza bati lilikuwa la nani na skrubu zilikuwa ngapi. Kati ya majibu hayo mawili utampata wa kulipa.