Ayubu hakuwa na kosa

Mungu ni Mwenyezi. Mungu ni mwenye haki. Wasio na hatia wanateseka. Imani ya Kikristo inazishika kauli zote tatu, na ugumu wake umo humo, kwa kuwa zikiwekwa pamoja zinagongana. Njia rahisi ya kuzipatanisha ni kuikana ya tatu: kudai kwamba anayeteseka ana hatia, ila haijafichuka. Njia hiyo ni kongwe, bado inahubiriwa, na Biblia yenyewe inaikataa.

Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Mbili za kwanza zinamsimulia mtu mkamilifu wa nchi ya Usi, mwenye kondoo 7,000, ngamia 3,000, wana saba na mabinti watatu. Kwa siku moja anapoteza mali na watoto wote, kisha anapigwa na majipu tangu wayo hadi utosi. Anakaa majivuni akijikuna kwa kigae. Maneno yake ya mwanzo, kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, husikika mpaka leo katika maziko ya Tanzania na Kenya, mbele ya udongo mbichi. Lakini hiyo ni sura ya kwanza. Kuanzia ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anadai kesi yake isikilizwe, na anamwambia Mungu waziwazi kwamba anaonewa. Ayubu huyu wa pili hasikiki sana makaburini, ingawa ndiye anayekijaza kitabu.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vema. Walilia, wakajirushia mavumbi vichwani, wakaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa. Hoja yao ilikuwa moja: Mungu hapotoshi hukumu, Ayubu ameadhibiwa, basi Ayubu ametenda dhambi. Bildadi akadokeza kwamba hata watoto wa Ayubu, walioangukiwa na nyumba, huenda walilipwa makosa yao. Kufikia sura ya 22 Elifazi hana ushahidi wowote, kwa hiyo anamtungia mwenzake dhambi: eti aliwanyima maji waliochoka na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Mtu mwema akageuka shahidi wa uongo, akidhani anamtetea Mungu.

Mungu anapojibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, haelezi sababu. Anauliza Ayubu alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, na kama anaujua wakati wa kuzaa wa mbuzi wa majabalini. Uweza wake unabaki mkubwa kuliko akili ya mwanadamu. Ila hukumu yake ni wazi: anawakasirikia Elifazi na wenzake kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Wanaamriwa kutoa ng'ombe saba na kondoo saba, na Ayubu awaombee. Aliyelalamika ndiye anayepewa haki.

Kanisa limejaribu kueleza zaidi. Katika karne ya 2 Irenayo, askofu wa Lyon, aliwaona wanadamu kama watoto wanaokuzwa hatua kwa hatua hadi ukomavu. Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa wema, nao uliingia kwa hiari ya viumbe. Roma ilipotekwa mwaka 410, aliandika kwamba msiba mmoja huwapata wema na wabaya pamoja, na kwamba wanawake waliobakwa siku zile hawakuwa na hatia yoyote. Mwaka 1710 mwanafalsafa Leibniz alitunga neno teodisia, yaani utetezi wa haki ya Mungu, akisema kwamba ulimwengu huu ndio bora kati ya yote iliyowezekana.

Hoja ya Leibniz ilitikisika huko Lisbon asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na waumini walijaa makanisani. Ardhi ikatetemeka, mapaa yakawaangukia, moto ukasambaa mjini. Waliokimbilia ufukweni waliona bahari ikirudi nyuma, kisha ikawajia juu yao. Maelfu kwa maelfu walikufa. Padri Gabriel Malagrida akachapisha kijitabu mwaka uliofuata akidai kwamba chanzo ni dhambi za wakazi. Serikali, kwa upande wake, ilipeleka maswali kwa maparoko: tetemeko lilidumu muda gani, bahari ilifanya nini, wangapi wamekufa. Malagrida alirudia kosa la Elifazi, na wengi wa aliowahukumu walikuwa wamekufa wakisali.

Yesu alikutana na jambo hilohilo mara mbili. Kwa habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, katika Luka 13, alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, akawaita wasikilizaji wake watubu wao wenyewe. Kwa habari ya kipofu tangu kuzaliwa, katika Yohana 9, alikataa kwamba kosa ni lake au la wazazi wake, kisha akamponya. Mwishowe yeye mwenyewe, asiye na hatia, akatundikwa msalabani huku akilia kwamba ameachwa. Jürgen Moltmann, aliyenusurika akiwa kijana mabomu ya Hamburg mwaka 1943, yaliyomuua rafiki yake kando yake, alijenga juu ya kilio hicho kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Mungu aliyesulubiwa: Mungu yumo ndani ya mateso pamoja na wanaoteseka.

Hapo yanafuata mambo mawili. Kwanza, mhubiri anayemwambia mgonjwa kwamba haponi kwa sababu imani yake ni haba, au sadaka yake ndogo, amekaa kiti cha Elifazi. Pili, si kila msiba unafaa kuitwa mapenzi ya Mungu. Mwaka 1994 nchini Rwanda, watu waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama waliuawa humohumo. Wauaji walikuwa wanadamu, na kumtwisha Mungu tendo lao ni kuwafutia hatia. Kulia mbele za Mungu si kufuru. Kumshtaki anayelia ndiko kulikomkasirisha.

Mwisho wa kitabu Ayubu anarudishiwa mifugo maradufu: kondoo wanakuwa 14,000, ngamia 6,000. Watoto hawazidishwi. Wanazaliwa tena wana saba na mabinti watatu, na wale kumi wa kwanza hawarudi. Ndiyo maana, ingawa amerudishiwa, ndugu na jamaa wanakuja nyumbani kwake kula naye chakula na kumpa pole, kila mmoja na kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Hakuna panapoandikwa kwamba yupo aliyemwuliza alikosa nini.