Kwa nini redio ya intaneti inakula bando na FM hailigusi

Matangazo ni yale yale. Ukisikiliza kwa FM bando halipungui, ukifungua kwa intaneti linayeyuka. Jambo hili lina uzito sasa, maana zipo nchi zinazoachana na FM. Norway ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017, na SRG, shirika la utangazaji la umma la Uswisi, lilizima ya kwake tarehe 31 Desemba 2024.

Mtambo wa FM hurusha mara moja tu. Wasikilize watu kumi au laki moja, gharama ya kituo ni ile ile. Kwenye intaneti kila msikilizaji hutumiwa nakala yake. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu MB 29 kwa saa. Wasikilizaji 1,000 kwa pamoja wanahitaji megabiti 64 kila sekunde.

Ipo njia ya kutuma nakala moja kwa kundi zima. Mafundi huiita multikasti, na vituo vinavyopitisha sauti kwenye nyaya za kompyuta huitumia ndani ya jengo. Ugumu uko kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya. Isipopangwa, humwaga sauti ya kila studio kwenye kila waya, hata kwenye printa ya mhasibu, mpaka mtandao unaelemewa. Ikipangwa, hutega sikio ijue nani ameomba sauti gani, ikampelekea huyo peke yake. Ila lazima kiwepo kifaa cha kuuliza kila mara: nani bado anasikiliza? Kisipokuwepo, swichi huona kundi limeondoka, na baada ya dakika nne hivi sauti hukatika huku taa zote zinawaka kijani. Fundi atabadilisha waya mpaka achoke.

Nje ya jengo mpango huo haufiki. Ruta zote za njiani, za kampuni mbalimbali, zingepaswa kukubali kuweka kumbukumbu ya nani anataka nini, na hakuna anayetaka kubeba mzigo huo. Ndiyo maana Norway na Uswisi hazikuegemea intaneti peke yake. Zina DAB, redio ya kidijitali ambayo nayo hurusha mara moja angani, bila bando.

Kwetu sisi, anayesema mnara wa FM hauna kazi kwa kuwa kila mtu ana simu atueleze kwanza nani atalipia bando la taarifa ya mafuriko. Kwa sasa, angalia kama simu yako ina redio ya FM ndani yake. Nyingi za vitufe zinayo. Chomeka waya wa spika za masikioni, ndio antena yake.