Usimhamishie paka wa stoo kwenye ndagala kwa siku moja

Mwenye stoo ya mchele au mahindi pale Kabezi humfuga paka kwa ajili ya panya. Kumnunulia chakula kikavu cha mfuko, ilhali ndagala wanatua ufukoni, anaona ni hasara. Namwelewa, paka ni mla nyama.

Ninachopinga ni kuwatoa wabichi. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka akiikosa huyumba, hata hupata degedege. Moto hukimaliza. Wachemshe, bila chumvi wala kitunguu.

Changanya kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Wapo wanaosema njaa itamlazimisha. Si kweli: paka akigoma kula siku mbili tatu, hasa mnene, ini lake huweza kuharibika.

Na sehemu ya mlo ibaki ya mfuko. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano ya nchi nne za ziwa hili. Ndagala wakiadimika hivyo, paka aliyesahau chakula kikavu atakigomea, na panya hawatakusubiri.