Lugha ya Hisabati na Mtoto Mwenye Kipawa: Mfano wa Bariadi

Husemwa mara kwa mara kwamba hisabati haina lugha, kwa kuwa tarakimu ni zile zile Bariadi na London. Ni maoni yetu kwamba kauli hiyo haimfai mtoto mwenye kipawa cha somo hilo, hususan yule wa shule ya msingi ya kijijini.

Tuchukulie mtoto wa darasa la tano wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, ambaye nyumbani huzungumza Kisukuma. Amekwisha kumaliza mazoezi ya darasa lake, naye anazipanga mbegu za pamba chini. Anagundua kwamba 1 + 3 ni 4, 1 + 3 + 5 ni 9, na 1 + 3 + 5 + 7 ni 16. Kila mara mbegu zinafanya mraba. Anauliza ni kwa nini. Mwalimu mwenye darasa kubwa ataelekea kumwongezea hesabu za kujumlisha, au kumwambia asubiri sekondari. Jibu la kwanza litamchosha. La pili litampotezea miaka.

Ilhali jibu lenyewe li karibu. Ili mraba wenye mbegu tatu kila upande uwe wa nne, huongezwa mbegu tatu upande mmoja, tatu upande wa pili, na moja ya pembeni. Jumla yake ni 7, yaani namba witiri inayofuata. Uthibitisho huu unadai maneno kuliko tarakimu: mraba, jumla, witiri, kila, kwa hiyo. Maneno hayo yote Kiswahili kinayo.

Kasoro ni kwamba vitabu vya kumpeleka mbele ya hapo vimeandikwa kwa Kiingereza. Hata shule za wanafunzi wenye vipaji, kama vile Ilboru, Kibaha na Mzumbe, ni za sekondari, na lugha yake ya kufundishia ni Kiingereza. Hivyo kinachomzuia mtoto huyu si ugumu wa hisabati bali ni mlango wa lugha.

Wapo watakaoshauri afundishwe Kiingereza mapema. Hatupingi, lakini si haki fikra iliyo tayari leo ingojee lugha itakayokomaa kesho.

Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Tangu hapo tumeilaumu serikali, na kwa sababu za msingi. Hata hivyo, nasi tunalo deni. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ya kujivunia. Lakini istilahi peke yake haithibitishi kitu. Mtoto wa Bariadi anahitaji matini: kitabu chembamba cha maswali magumu na hoja zake, kwa Kiswahili fasaha, kilichoandikwa na mwanaisimu na mwanahisabati wakiwa meza moja. Kazi hiyo haihitaji kusubiri sera. Inatuhitaji sisi.