Jina Potofu Huvunisha Mbichi

Wapo wanaodhani kwamba kukipa kitu jina ni kazi ya ulimi tu, na kwamba kitu chenyewe hakiathiriki. Isimu nayo hufundisha kuwa uhusiano baina ya neno na kitu ni wa nasibu. Hilo ni kweli. Lakini binadamu akishalikubali jina, hutenda kwa kulifuata. Ushahidi mzuri unapatikana nchini Chile, katika mvinyo mwekundu uitwao Carmenère.

Asili ya mzabibu huu ni Bordeaux, Ufaransa. Vipandikizi vyake vilifikishwa Chile katika karne ya 19, kabla ya mdudu aitwaye filoksera kuangamiza mizabibu ya Ulaya. Wafaransa walipopanda upya, Carmenère ilikaribia kusahaulika. Kule Chile, ambako mdudu huyo hakuenea, iliendelea kustawi, ila ikiwa imechanganyika shambani na mzabibu mwingine, Merlot, na kuitwa kwa jina hilo hilo. Ilikuwa mwaka 1994 ambapo mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, aliibainisha. Serikali ya Chile iliitambua rasmi mwaka 1998.

Je, kosa hilo la jina lilidhuru nini? Lilidhuru mavuno. Carmenère huiva majuma kadhaa baada ya Merlot. Mkulima aliyeamini kuwa shamba lake lote ni Merlot alivuna yote kwa pamoja. Basi zabibu za Carmenère zikakamuliwa zingali mbichi, na mvinyo ukawa na ukakasi wa majani na pilipili hoho. Zilipojulikana kwa jina lake na kuachwa hadi ziive barabara, zilitoa mvinyo laini, wenye ladha ya matunda meusi na viungo.

Hata mezani ujuzi huo una faida. Harufu ya hoho hupungua, wala haitoweki kabisa. Ndiyo sababu mvinyo huu huafikiana na hoho za kuchoma na vyakula vyenye majani ya kiungo. Huandamana vyema pia na nyama ya ng'ombe au kondoo iliyochomwa. Na empanada zilizojazwa nyama, vitunguu, zeituni na yai. Na vilevile pastel de choclo, yaani nyama iliyofunikwa kwa mahindi mabichi yaliyosagwa, kisha ikaokwa. Samaki mwororo haufai, kwani ladha yake humezwa.

Msomaji asiyetumia kileo hana haja ya kuonja ili apate funzo. Sisi walimu hutoa majina kila siku: huyu hodari, yule mzito. Anayechelewa kuiva tunamvuna siku moja na wenzake, kwa mtihani mmoja, kisha tunamlaumu kwa ukakasi wake. Wahenga walinena kwamba mstahimilivu hula mbivu. Waama, lakini atastahimili vipi asiyejua tunda analolingoja wala msimu wake?

Mwalimu na achunguze kabla ya kutaja. Naye mwanafunzi asiharakishe kulipokea jina alilobandikwa, kwa maana mzabibu mmoja uliishi zaidi ya karne nzima ukiitwa usivyo, na haukukoma kuwa wenyewe.