Kitanda Kati ya Hospitali na Nyumbani: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Machakos



Kituo cha matunzo ni makazi ya mgonjwa ambaye tiba ya hospitalini imemaliza kazi yake, au imefika mwisho wa uwezo wake, lakini hawezi kujigeuza kitandani, kula wala kwenda haja bila kusaidiwa. Wengi wao wamepatwa na kiharusi, wameumia uti wa mgongo katika ajali za barabarani, wana saratani iliyoenea au wamepoteza kumbukumbu. Watu wengi hukiita kituo kama hicho nasingi homu, na utata huanzia hapo hapo kwenye jina. Machakos, kama kwingineko Kenya, bango lenye jina hilo mara nyingi ni la hospitali ndogo ya kibinafsi yenye vitanda vichache na wodi ya akina mama wanaojifungua. Humlaza mgonjwa siku tatu nne, kisha humruhusu. Dada anayemtafutia kaka yake mahali pa kukaa miezi minane huzunguka mji mzima akibisha milango isiyomhusu.

Nyumba za wazee zipo, ingawa zinazojulikana zaidi ziko nje ya kaunti: Nyumba ya Wazee ya watawa wa Little Sisters of the Poor huko Kasarani, Nairobi, na ile ya Kanisa la PCEA huko Thogoto, Kikuyu. Hizo zilijengwa kwa ajili ya wazee. Katiba ya 2010, Kifungu cha 260, inamhesabu mzee kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 60, na Kifungu cha 57 kinampa haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali. Dereva wa miaka 47 aliyepooza upande mmoja hana mlango huo. Anachobaki nacho ni Kifungu cha 43, kinachompa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Jedwali la Nne, linalozikabidhi kaunti vituo vya afya vya maeneo yao. Ndiyo maana barua hii imekuja Machakos, haikwenda Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya.

Kazi ya kumtunza mgonjwa wa umri huo humwangukia ndugu. Wazazi wameshazeeka au hawapo tena. Mke ndiye anayetafuta karo ya watoto, au ndoa ilivunjika kabla ya ugonjwa. Hubaki yule aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, kule Mwala au Kathiani, ambaye sasa ameajiriwa Athi River na ana watoto wake. Miezi ya kwanza humtunza nyumbani. Mgongo unamuuma, kazini anaonywa, usiku hapati usingizi. Siku anapoanza kuulizia kituo, majirani husema amemtupa ndugu yake. Kauli hiyo haina haki ndani yake. Mgonjwa asiyejiweza anahitaji mikono minne ya kumgeuza na macho ya kupokezana usiku kucha, na mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu hana mikono hiyo. Kumpeleka ndugu mahali mikono ipo ni kumtunza.

Matayarisho ya matunzo hayo yafaa yaanzie wodini, wiki moja kabla ya kuruhusiwa. Katika wodi za hospitali zetu jamaa ndio wanaolisha, wanaoogesha na wanaobadilisha nepi, lakini hujifunza kwa kutazama jirani wa kitanda cha pili. Hospitali ya Machakos Level 5 ina wauguzi wanaozijua kazi hizi barabara, na nusu saa yao kila siku kwa siku tano ingeokoa maisha. La kwanza la kufundishwa ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kulia, chali, kushoto, huku mto mwembamba ukiwekwa katikati ya magoti na visigino vikiachwa vielee bila kugusa godoro. Vitabu husema kidonda cha kulalia huanza kwa wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Kinachoonekana ni doa lililokolea rangi kuliko ngozi ya pembeni, juu ya kifandugu au nyongani, nalo likiguswa kwa mgongo wa mkono huwa na joto na ugumu kidogo. Dada aliyeonyeshwa doa hilo mara moja hawezi kulipita tena. Asiyeonyeshwa huliona siku linapotoboka.

La pili ni mpira wa kulishia unaopita puani. Kabla ya kumimina uji, mpira huhakikishwa kuwa ungali tumboni na haujapanda. Mgonjwa huinuliwa kichwa na kifua, na hubaki ameinuliwa hivyo kwa nusu saa na zaidi baada ya kula, maana uji ukiingia mapafuni huleta nimonia. Uji wenyewe uchujwe, na kila mlo ufuatwe na maji safi ya kusafisha mpira. Mambo haya hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu mmoja kuyasema polepole, kwa Kikamba au Kiswahili, na mwingine kuyarudia kwa mikono yake mwenyewe huku akitazamwa.

Kisha kuna barua ya kuruhusiwa. Kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza na vifupisho vya madaktari, na hukunjwa ndani ya bahasha pamoja na picha za eksirei. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Barua hii ya wazi inaiomba Idara ya Afya ya kaunti iagize ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila anayehamia kwenye matunzo ya muda mrefu: dawa na saa zake, tarehe ya kubadilisha mpira wa mkojo, dalili za kumrudisha hospitalini, na nambari ya simu ya wodi ambayo itapokelewa hata saa nane za usiku. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mgonjwa kumteua kwa maandishi mtu wa kuidhinisha matibabu kwa niaba yake. Uteuzi huo ufanywe mapema, mgonjwa angali na kauli. Baadaye ndugu watano huwa na maoni matano.

Siku ya kuhama ina taratibu zake. Mgonjwa apelekwe asubuhi, ili usiku umkute ameshazijua sura mbili tatu. Dada aje na blanketi kutoka nyumbani, lile lenye harufu ya nyumbani, hata kama kituo kina jipya. Aje na redio ndogo iliyowekwa kwenye Musyi FM, stesheni ya Kikamba. Aje na karatasi ya kubandikwa ukutani juu ya kitanda, isiyozidi mistari sita: jina analoitwa nyumbani, upande usiosikia vizuri, kwamba chai huinywa bila sukari, kwamba alikuwa akiendesha lori hadi Mombasa, kwamba huogopa akifunikwa uso wakati wa kuogeshwa. Mhudumu aliyeajiriwa juzi humwona mgonjwa asiyesema kama mzigo wa kugeuzwa. Akishasoma mistari hiyo huanza kumsalimia kwa jina. Lugha nayo ni dawa. Kiharusi kinachoathiri usemi huweza kumnyang'anya mtu Kiingereza na Kiswahili kikamwachia ile aliyonyonya, na mgonjwa anayedhaniwa amepotewa na akili huenda anajibu vizuri kabisa, ila kwa Kikamba. Kila zamu na iwe na angalau mtu mmoja anayekielewa.

Wiki mbili za kwanza ndizo ngumu zaidi. Mgonjwa hulia, hukataa chakula, humshika dada mkono asiondoke. Vituo vingine humwambia dada asije kwa wiki nzima ili mgonjwa "azoee". Ushauri huo ni mbaya na Idara ingepaswa kuupiga marufuku. Mgonjwa huzoea kwa kuona kwamba aliyeondoka hurudi. Ziara fupi za kila siku, saa ile ile, ikiwezekana saa ya kula, humtuliza kuliko ziara moja ndefu ya Jumapili. Anayekuja saa ya kula pia huona kinachotendeka: kama sahani huondolewa ikiwa imejaa, kama kucha zimekatwa, kama mfuko wa mkojo unaning'inia chini ya kitanda au umelazwa juu ya mapaja.

Gharama humwangukia nani? Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Bima hiyo imejengwa juu ya matibabu. Kulishwa na kugeuzwa mwezi baada ya mwezi hulipwa na familia, kwa M-Pesa kutoka kwa ndugu mmoja mmoja, na anayetunza daftari la michango ndiye anayelaumiwa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Idara imwandikie afisa wa ustawi wa jamii ili kuhamia kituoni kusimfanye mgonjwa aachwe nje ya orodha.

Maumivu yasisubiri fedha. Mofini ya maji ni nafuu, na Uganda tangu 2004 imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hapa mgonjwa wa saratani aliye kituoni Masinga au Yatta humtegemea daktari aliye mbali. Idara inaweza kupanga muuguzi wa tiba shufaa azunguke vituoni kwa siku zinazojulikana.

Nguvu kazi ya kuanzia ipo. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na simu mwaka wa 2023 wanawajua wagonjwa kwa majina. Huko Kerala, India, majirani waliofunzwa hutembelea wagonjwa wasiojiweza wakisaidiwa na serikali za mitaa, na tangu 2008 jimbo lina sera yake juu ya jambo hilo. Ukambani una mwethya, ushirika uliochimba matuta yanayoonekana hadi leo kwenye vilima vya Machakos. Kikundi cha mwethya kikifunzwa na muuguzi kinaweza kumpa dada mtu wa kukaa na kaka yake siku mbili kwa wiki.

Mwisho, kuna safari ya kurudi. Wagonjwa wengi wakihisi siku zimekaribia huomba wapelekwe kwao. Kituo hukataa kumtoa bila saini, hospitali husema si mgonjwa wake tena, na matatu haimchukui mtu aliyelala. Huduma za ambulensi ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne. Idara iweke utaratibu ulioandikwa: nani anasaini, nani anapiga simu, dawa zipi za maumivu zinafuatana na mgonjwa, na muuguzi gani wa zahanati ya karibu anafahamishwa kabla gari halijaondoka.